Seva Iliyorudishwa Mwaka 2010

Alhamisi, 9 Julai 2015

Barua imekuja kutoka kwa waliotuuzia programu ya seva. Jumanne ijayo, tarehe 14, msaada wao unakwisha. Hakuna tena masahihisho, hakuna kinga, hakuna wa kumpigia simu. Nikamsomea Mama Jenista, mwenye hii kampuni yetu ya uwakala wa forodha. Akawaka! Akasema kampuni yake haijawahi kuishi kwa msaada wa mtu, na aliyekuwa akiupokea ajitaje. Nilihangaika nusu saa kumtuliza.

Mwisho akatangaza kwamba atakayeivusha seva salama atakuwa Mkuu wa Tehama. Chumba chenye kiyoyozi! Nakitamani tangu nilipoajiriwa 2011.

Frida wa kaunta ya nyaraka, aliyesoma kozi ya kompyuta Mbeya, akashauri tununue programu mpya na kuhamisha mafaili taratibu. Akaongeza kuwa barua kama hii zilishakuja tatu na mimi nilizifungia maandazi. Kiherehere tu. Zilikuwa mbili.

Ijumaa, 10 Julai

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kunywa chai. Saa ya ukutani ya mama chai ilisema saa mbili. Yangu, saa tatu. Kila siku naiona, leo ndiyo nimeielewa! Wazambia wako saa nzima nyuma yetu na hakuna anayewagombeza. Kama mtu akitembea hatua chache anapewa saa moja, seva inashindwaje kurudi nyuma? Tarehe 14 haitaifikia kamwe! Chai sikuimaliza.

Jumatatu, 13 Julai

Nimemwambia Mama Jenista kuwa tatizo nimelimaliza kitaalamu. Akauliza kwa njia gani. Nikasema ni mambo ya ndani ya mashine. Frida akaguna.

Jioni nikairudisha seva hadi Julai 2010. Mwaka mmoja ungetosha, ila mimi si mtu wa kubania. Msaada wa miaka mitano, bure!

Jumanne, 14 Julai

Seva inafanya kazi. Nilihamia chumba cha kiyoyozi mapema, nikavaa na koti.

Saa nne akaingia Lwitiko, dereva wa lori la ndizi, katoa macho. Alisema ofisa wa upande wa pili amezicheka karatasi zetu mpaka akakaa chini. Eti ndizi zilizopewa kibali mwaka 2010 zimebakije mbichi? Malori saba yamezuiwa.

Nikairukia seva. Nikaandika jina na neno la siri. Programu yetu humkagua mtumishi mkataba wake kabla ya kumfungulia. Ikajibu: mkataba wako haujaanza. Nikaandika tena, kwa herufi kubwa. Haujaanza! Kweli, 2010 nilikuwa bado nauza vocha Mlowo.

Frida aliajiriwa 2008. Ikamfungulia mara moja. Akairudisha tarehe kwa dakika mbili, Mama Jenista kasimama nyuma yake. Akaeleza, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, kwamba wenye programu wanahesabu kwa kalenda yao, si yetu. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 16 Julai

Frida ni Mkuu wa Tehama. Programu mpya imeagizwa. Koti langu limebaki mle ndani na naambiwa analivaa.

Mama Jenista amesema kama mashine inasema mkataba wangu haujaanza, yeye ni nani abishane nayo. Ameniajiri upya, tawi la Mlowo, majaribio ya miezi sita. Nikiharibu chochote, nyumbani. Imeniuma sana. Nimelia kidogo, stoo, kati ya magunia.

Lakini tawi la Mlowo lina kompyuta yake. Mkataba wangu umo humo, na majaribio yanaisha Januari. Nimeisogeza tarehe ya kompyuta mpaka Februari.

Tangu saa tisa alasiri, mimi ni mtumishi wa kudumu!