Mvua Dirishani kwa Lugha Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mandhari yangu ya kivinjari, "Mvua Dirishani", ina watumiaji wanne, na wote wanne ni mimi. Kompyuta ya nyumbani. Ya mama mdogo. Ya kaka. Ya kaka tena, baada ya yeye kuifuta na mimi kuirudisha. Miezi minne nimechora matone yale, ili mtu akifungua mtandao aone dirisha lenye mvua badala ya ukuta mweupe. Ni ya bure. Hata bure watu hawaitaki.

Leo mwalimu wa kompyuta katangaza kwamba Ijumaa atachagua mmoja wa kuiwakilisha shule kwenye maonyesho. Anataka kazi iliyovuka mipaka. Mwenzetu tunayemwita Antena anakaa mbele yangu, mrefu, na hakuna kinachompita. Mandhari yake ya paka ina watu mia nne na kumi na wawili. Mwalimu akaniuliza yangu imefika wapi. Mdomo wangu ukajibu, bila kunishauri, kwamba imefika mbali. Akafurahi. Akasema Ijumaa tutaziangalia takwimu ukutani, darasa zima.



Jumanne, 4 Juni

Nimemwandikia shangazi aliye ng'ambo. Aya tatu, kwa adabu. Kanijibu kwa sauti, dakika sita. Nimekula? Mguu wa mama unaendeleaje? Mbona kaka hapigi simu? Mwisho akauliza hicho kivinjari ni cha kununua, au atafute mtu anayesafiri amletee. Nikamweleza. Akasema haya mwanangu, Mungu akusaidie na mitihani.

Jioni nikajitangaza kwenye jukwaa la wapenda mandhari wa dunia nzima. Kiingereza changu nilikisahihisha mara saba. Jibu moja: picha ina ukungu. Nikaeleza kwamba ni mvua. Hakurudi.

Watumiaji: wanne.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua jambo. Ukurasa wa takwimu hauonyeshi nchi. Unaonyesha lugha ambayo kompyuta ya mtumiaji imewekewa. Nimeusoma mara tatu.

Maktaba ya shule ina kompyuta kumi na mbili, na ufunguo ninao mimi. Mama Maktaba alinipa mwaka jana, niwe nasoma asubuhi kabla ya kelele. Alisema katika shule hii watu wazima ni wawili tu, yeye na mimi. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko ufunguo ule. Leo yuko semina. Maktaba haifunguliwi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa ndani. Kompyuta ya kwanza nikaiweka Kikorea. Ya pili Kifini. Kigiriki. Kijapani. Ya mezani kwa Mama Maktaba, Kihungaria. Zote nikazivisha mvua. Kengele ya kwanza ikanikuta darasani.

Kesho alfajiri nazirudisha. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 6 Juni

Lugha kumi na mbili mpya! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikakaa kwenye Kikorea nirudishe Kiswahili. Sikuelewa hata herufi. Nikahamia Kihungaria, angalau herufi nazijua. Nikabonyeza mstari niliodhani ndio. Kompyuta ikaanza kunisomea kila kilichopo kwenye skrini, kwa sauti ya mwanamke mkali. Sikujua pa kuizimia.

Mama Maktaba akaingia, akauliza mgeni ni nani. Nikasema kompyuta zimejisasisha zenyewe. Akaamini papo hapo. Akanipa pole, eti na mimi nilitaka kusoma.



Siku nzima kaandika vitabu vinavyoazimwa kwa kalamu, foleni hadi mlangoni, yule mwanamke akimsomea pembeni. Fundi anakuja kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Takwimu ukutani. Mwalimu akashangilia lugha moja moja. Antena akanyoosha mkono. Akauliza, kwa upole kabisa, mbona kila taifa limetoa mtu mmoja tu, kama wajumbe wa mkutano, na wote wamejiunga Jumatano kabla ya saa moja.

Darasa likageuka kunitazama. Ndipo mlango ukagongwa. Fundi, na Mama Maktaba nyuma yake. Fundi akasema samahani mwalimu, kompyuta kumi na mbili zimegeuka za wageni, na zote zina picha ya... Akaiona ukutani.

Mama Maktaba hakunigombeza. Alinyoosha kiganja tu. Nikaweka ufunguo. Ulikuwa na joto la mfuko wangu.

Antena ndiye anakwenda maonyesho. Mchana akaja maktaba kumsaidia fundi. Aliweka kompyuta yake ya Kiswahili kando ya zile na kufuata mpangilio uleule wa menyu. Baada ya dakika ishirini zote zilikuwa zimerudi Kiswahili. Akaniambia, "We bwege, si ungeniomba? Ningeiweka kwangu." Akaiweka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempelekea Mama Maktaba barua ya kuomba radhi, kurasa mbili. Kaisoma yote akiwa amesimama. Kasema ufunguo tutauongelea muhula ujao, na kwa sasa nikae meza ya mbele, anione.

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kutoandika hatua za kurudi.

Watumiaji wa kweli: mmoja. Lugha: Kiswahili. Nimeutazama mstari huo muda mrefu, nikaona uko mpweke.

Mchana mama mdogo kapiga simu. Ni karani wa mapokezi kliniki ya macho, na printa yao imegoma. Akaomba mimi, ninayejua kompyuta, nipite. Nikauliza wana kompyuta ngapi. Sita.

Nikachukua daftari. Nikanakili njia nzima ya menyu kwa lugha sita, kwenda na kurudi, kwa wino mwekundu. Nikavaa viatu, nikaenda.