Mgeni Rasmi: Hakuna

Jumatano, 6 Mei
Siku njema! Shangazi, mwenye ukumbi wa sherehe, katangaza kwamba Jumapili atachagua msimamizi wa chumba cha mitambo. Ni mimi au binamu yangu. Binamu tunamwita Mwongozo, maana hata msalani haendi bila kusoma maelekezo. Mshindani gani huyo! Nimeshachagua kiti changu, kile cha kuzunguka.

Mitambo yenyewe rahisi. Taa, feni na ile sauti ya kike inayokaribisha wageni, vyote vinafuata faili moja la mipangilio. Kushoto swali, kulia unajibu. Leo anaagwa mwalimu aliyestaafu, na mgeni rasmi ametuma udhuru. Faili linauliza mgeni rasmi ni nani. Nimejibu: hakuna. Kiswahili safi.

Alhamisi, 7 Mei
Jana sauti ilitangaza, kwa madaha, tusimame tumpokee mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakuna. Ukumbi mzima ukasimama. Mlango ukafunguka, akaingia muuza barafu na ndoo yake. Makofi! Vigelegele! Wakamketisha meza kuu. Alihutubia vizuri, lakini. Mwalimu alitoa machozi. Mimi nahesabu ni ushindi.

Mwongozo anadai mashine haijui maana ya hakuna, inaona herufi ndani ya alama za kunukuu basi inadhani ni jina la mtu. Eti kuna neno maalumu, yaani tupu, linaloandikwa bila alama hizo. Mashine ikiliona inaruka swali zima. Nilimshukuru, nikampa kisogo.

Ijumaa, 8 Mei
Nimetumia akili yangu mwenyewe. Mkutano wa madaktari wa meno, hauna mgeni rasmi. Nikafungua alama za kunukuu, nikazifunga, katikati sikuweka kitu. Utupu kamili!

Sauti ikasema tumpokee mgeni rasmi, halafu kimya. Madaktari wakasimama. Wakaendelea kusimama. Mmoja akadhani tunamkumbuka marehemu, akavua kofia. Wa nyuma wakaanza kuulizana nani amefariki.

Mwongozo alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema ule si utupu, ni maneno matupu: mashine inajua kuna jina la kutaja, ila jina halina herufi. Maneno matupu! Kuniambia mimi! Shangazi hakucheka. Kasema kesho ni harusi ya binti wa rafiki yake, na ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nakitaka kile chumba kuliko kitu chochote.

Jumamosi, 9 Mei
Bibi harusi ana shela ndefu, kaomba feni zisiwashwe. Dogo hilo. Faili linauliza: feni ziwake? Nikajibu "hapana", tena ndani ya alama za kunukuu ili mashine isikie vizuri.

Feni zote zikawaka kwa nguvu ya mwisho! Shela ikapaa, ikamfunika bwana harusi, ikamzoa na mama mkwe. Mwongozo akakimbia kuzima. Kisha akanieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba swali lile linataka kweli au uongo, bila alama. Ukiweka maneno, neno lolote lenye herufi mashine inalihesabu kuwa kweli. Kwa hiyo hapana ni kweli. Sasa hiyo ni mashine au kichaa?

Jumapili, 10 Mei
Ufunguo kapewa Mwongozo. Roho imeniuma, sifichi. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia kidogo. Shangazi akanifuata, akanishika bega, akasema mimi bado ni mwanawe, na kuanzia leo bustani ni yangu. Akaniuliza kama nimelielewa kosa langu. Nikamjibu ndiyo, Shangazi, nimelielewa. Niliandika kwa herufi ndogo.

Bustani ina pampu, na pampu ina faili lake! Kesho asubuhi maharusi wale wale, Mungu awabariki, wanarudi kupigwa picha kwenye majani. Faili linauliza: maji yarushwe asubuhi? Nimejibu "HAPANA!" Herufi kubwa, alama za kunukuu pande zote, na mshangao juu yake. Nimetulia kabisa.