Jinsi Nilivyomkimbia Baba Mkwe kwa Heshima Zote

Jumatatu, 10 Machi 2025

Tumehama. Basi, imekwisha. Juzi saa hizi nilikuwa saluni kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, nimevaa sweta, namsuka mke wa mwalimu, redio inaimba. Leo niko mwambao wa Ziwa Nyasa, kijijini kwa kina Ezron, mume wangu. Gari linaishia Matema, wewe unaendelea kwa miguu saa nzima, godoro kichwani. Na joto! Mimi mtoto wa Iringa, nimezaliwa na kukulia kwenye baridi. Hapa hata kivulini unatoka jasho.

Sababu ya kuhama ni baba mkwe, Mzee Yotamu. Magoti yamemchoka na Ezron ndiye mwanawe wa kwanza wa kiume. Ezron aliniambia tunakwenda kuishi ufukweni. Ufukweni! Nikanunua miwani ya jua. Leo saa kumi na moja alfajiri wifi yangu Yusta akagonga dirisha kwa mpini wa jembe. Kumbe ufukwe wenyewe ni kupalilia kakao. Nina malengelenge manne. Lile kubwa kuliko yote nimeliita Yusta.

Mzee mwenyewe hana neno. Alinipokea vizuri, nikampa shikamoo, akaniuliza habari za Iringa na kama mvua zimenyesha. Ila anakaa na kigoda chake pembeni ya shamba tangu asubuhi hadi jioni, anatuangalia. Ukisimama kunyoosha mgongo, anakohoa.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya pili ya jembe. Mgongo si wangu tena.

Lakini leo Mungu amenikumbuka. Tulikuwa jikoni na mama mkwe tunamenya ndizi, akaanza kusimulia mambo ya zamani. Kasema zamani kwao Wanyakyusa mkamwana hakuonana na baba mkwe hata kidogo. Mzee akitokea njiani, mkamwana anajifunika kanga, anaingia porini mpaka apite. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Siku hizi, kasema, watu wamesoma, wanasali Kilutheri, mkwe na mkamwana wanakula meza moja na hakuna anayeshangaa.

Nikauliza, taratibu, kama mtu asiye na haja: na shambani je? Kama baba mkwe yuko shambani?

Akasema mkamwana haingii. Anarudi nyumbani.

Baba mkwe yuko shambani kila siku! Anakaa na kigoda! Nilimenya ndizi kumi na mbili bila kujua ninachomenya.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanza. Tulikuwa tunatoka na majembe, mimi na Yusta, mzee akatokea kwenye kona na kigoda chake. Nikapiga ukelele mdogo, wa adabu. Nikavuta kanga hadi kidevuni. Nikatumbukia kwenye migomba. Yusta aliangusha jembe mguuni kwake, jambo ambalo sikulipanga lakini nalishukuru.

Mama mkwe alipoambiwa alitoa machozi. Kasema mtoto wa Iringa, Mkatoliki, ametoka mjini, ndiye anayekuja kuwafundisha adabu watoto wao. Akanipa kuku. Nimelala mchana kutwa.

Ezron aliporudi kutoka shambani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni heshima. Akasema baba ameuliza mara mbili amenikosea nini. Nikamwambia amwambie ndiyo kwanza naanza kumheshimu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuwa mtu maarufu! Akina mama wa kwaya wamekuja kuniona. Wamekaa, wameniangalia, wameguna kwa furaha. Mmoja alinipiga picha. Yusta alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kakao peke yake, anapasua kwa hasira, nilisikia.

Dosari moja tu. Amekuja bibi mmoja mzee kabisa, Bibi Anyelwisye, kuniangalia nikikimbia. Hakuridhika. Kasema najificha kama kuku, makalio yote nje. Akanifundisha. Kuinama namna hii, kushika kanga namna hii, kutopita njia aliyopita mkwe siku hiyo. Nikauliza, siku hiyo yote? Akasema yote.

Sasa mzee anapita njia ya kisimani kila asubuhi. Kwa hiyo mimi kisimani nazunguka nyuma ya kanisa, napanda, nashuka, navuka kijito. Dakika tano zimekuwa arobaini. Si kitu. Bado ni bora kuliko jembe.

Jumamosi, 15 Machi

Gulio! Kumbe hapa pana watu! Mitumbwi imetia nanga asubuhi, akina mama wa Kikisi, wafinyanzi, wameshuka na vyungu, na nyuma yao wanawake wa vijiji vyote vya pwani ya ziwa. Nimewahesabu vichwa. Vichwa sitini na zaidi, na sikuona hata kimoja kilichosukwa vizuri. Nusura nilie.

Na nimekiona kiwanja. Kipo kati ya mitumbwi inapotua na gulio lenyewe. Kila mwanamke anayeshuka lazima apite hapo. Nguzo ya umeme iko hatua kumi. Nimeshaiona saluni yangu, bati jekundu, kioo kirefu, benchi la wanaosubiri. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nizaliwe. Nikikipata kiwanja kile naweza kuishi hapa mpaka nizeeke, joto na Yusta na vyote.

Nikamuuliza Ezron ni cha nani. Cha baba. Nikaruka. Akaniambia nisiruke kwanza, Yusta naye anakitaka, afungue mgahawa. Baba atatoa uamuzi Jumapili ya wiki ijayo kwenye kikao cha familia. Na ameshasema: anayekitaka aje mbele yake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Mbele yake! Kwa mdomo wangu! Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumatatu, 17 Machi

Nimetulia. Akili ipo. Nimemtuma Ezron akanisemee.

Amerudi haraka mno. Kasema baba amemuuliza kama saluni ni yake. Akajibu ni ya mkewe. Baba akamuuliza kama anajua kusuka. Akasema hapana. Baba akamwambia basi akae, wazungumze habari za kakao.

Ezron akanishauri niende tu, nimwamkie mzee, niseme shida yangu, mila hiyo hata yeye mzee hakuiomba. Nikamuuliza na kuku wa mama nimrudishe? Na akina mama wa kwaya niwaambie nini, kwamba nilikuwa nakimbia jembe? Ezron akachukua panga, akaenda kukata ndizi. Mwanaume akiondoka hivyo ujue ana jibu ila ana hekima ya kulimeza.

Jumanne, 18 Machi

Simu! Simu haina macho. Nitampigia.

Hapa mtandao unapatikana sehemu moja tu, kwenye jiwe kubwa pale majini. Nikaenda. Nani amekaa juu ya jiwe? Mzee, na kigoda chake, anaongea na ndugu yake wa Ubaruku habari za mpunga. Akaanza kugeuka. Migomba hakuna. Kichaka hakuna. Nikaingia ziwani kwenye matete, maji yakanifika kifuani, kanga kichwani kama alivyonifundisha Bibi Anyelwisye.

Amezungumza mpunga saa nzima. Mpunga wote wa Ubaruku, debe kwa debe.

Nilipotoka nikakumbuka simu ilikuwa kwenye mfuko wa sketi. Nimeizika ndani ya mchele wa Kyela, mchele mzuri kuliko wote nchini. Simu haina shukrani.

Alhamisi, 20 Machi

Barua! Kwa nini sikufikiria barua? Kurasa mbili, mwandiko wa shule ya masista, hakuna kosa hata moja. Nimeeleza saluni, bati, kioo, nimeeleza hata nitakavyomnyoa yeye mwenyewe bure, kupitia mtu mwingine.

Nilijibanza nyuma ya jiko nisikilize. Mzee akafungua bahasha. Akapapasa mfuko. Miwani ameisahau nyumbani kwa mchungaji. Akamwita Yusta aje amsomee.

Yusta! Alisoma vizuri, siwezi kumsingizia, sauti nzuri ya kanisani. Ila mimi niliandika, "Naomba kiwanja cha pale gulioni." Yeye akasoma, "Naomba kiwanja cha pale gulioni, ila kwa kuwa wifi yangu Yusta ameteseka sana shambani wiki hii, nitafurahi zaidi akipewa yeye." Akaongeza na salamu za mwisho ambazo sikuzituma.

Na mimi siwezi kutoka! Mzee yupo pale! Nimeing'ata kanga mpaka imetoboka.

Jumapili, 23 Machi

Kikao. Naandika nikiwa nimetulia, yaani silii tena.

Mpango ulikuwa mzuri, nausema mpaka sasa. Nilitundika shuka uwanjani, kamba huku kwenye nguzo ya banda, huku kwenye mpapai. Mzee upande ule na ukoo mzima. Mimi upande huu. Sauti inapita, macho hayapiti. Bibi Anyelwisye mwenyewe aliikagua shuka akasema hajaona mkamwana wa namna hii tangu akiwa msichana.

Yusta akaanza. Akasema maneno manne: baba, nataka kufungua mgahawa. Akakaa.

Nikaanza mimi. Nilisema vizuri! Nikasema habari za mitumbwi, za vichwa sitini, mama mkwe akaitikia. Nikafika kwenye kioo kirefu. Hapo upepo wa ziwani ukaja. Shuka ikavimba, kamba ikakatika, ikanivaa mwili mzima, nikazunguka nikijinasua, nilipofungua macho nilikuwa nimesimama mbele ya Mzee Yotamu, hatua moja, pua kwa pua.

Hata mbuzi waligeuka kutuangalia.

Sasa hapo ningesema. Nimelifikiria jambo hili tangu mchana. Ningesema tu, shikamoo baba, naomba kiwanja. Mdomo nilikuwa nao. Lakini ukoo mzima ulikuwa unaniangalia, na akina mama wa kwaya wako kwenye ua, na kuku nilishamla.

Na kabla sijaamua, mzee akavua kofia yake, akajifunika uso. Yeye! Taratibu kabisa. Watu wakapiga makofi. Bibi Anyelwisye akapiga vigelegele.

Akatoa uamuzi humo humo ndani ya kofia. Kasema amefurahi mno na heshima ya mkamwana wake. Kasema pale gulioni yeye anapita kila siku, na kumweka pale mtoto mwenye adabu hivi ni kumtesa, ataishi kwa kukimbia hadi lini? Kwa hiyo kiwanja apewe Yusta. Mimi na Ezron tupewe shamba la juu mlimani, ekari mbili za kakao na kibanda, mahali ambapo magoti yake hayafiki tena. Kule, kasema, nitapalilia kwa uhuru, asubuhi hadi jioni, bila hofu ya kukutana naye.

Kofia ilikuwa inatikisika. Nadhani alikuwa analia. Mzee yule ana moyo mwepesi.

Jumatatu, 24 Machi

Tumehama tena. Godoro kichwani tena, safari hii kwa kupanda.

Katikati ya mlima tukapumzika, Ezron akaniambia jambo ambalo angeniambia wiki iliyopita au asiniambie kabisa. Kasema kiwanja kile baba alikuwa amekiweka kwa ajili yangu tangu Januari, kabla hatujahama. Alisikia nina saluni mjini, akaona nitajisikia mpweke. Ile habari ya kuja kusema mbele yake haikuwa kwa sababu ya Yusta. Alikuwa anataka nirudi kumwamkia. Alizipenda shikamoo zangu. Kasema mzee alikuwa anakaa pale njia ya kisimani kila asubuhi makusudi, ananingoja, labda leo nitapita.

Nililia hapo hapo, nimekaa juu ya godoro. Nimelia kweli.

Ezron akasema tugeuke. Ni nusu saa tu kushuka, mzee yuko kwenye kigoda chake, niende nimwambie ukweli, tucheke, yaishe.

Nikasimama. Nikaangalia chini. Nikaliona gulio, na ziwa, na watu wadogo wadogo wanasimamisha nguzo za Yusta. Nikapiga hatua mbili za kushuka. Halafu nikamwona Bibi Anyelwisye anapita njiani, hatua chache chini yetu, akanipungia mkono kwa heshima kubwa, kama anampungia mke wa askofu.

Nikamwambia Ezron abebe godoro, tuendelee kupanda.

Jumatano, 26 Machi

Ekari mbili. Nani alisema ekari mbili? Hizi ni nne zilizolazwa ubavu. Malengelenge yamerudi na ndugu zao.

Mama mkwe amepanda leo kutuletea samaki. Masikini, kajikongoja hadi juu. Tukakaa chini ya mti mkubwa ulio katikati ya shamba, akanisimulia. Kasema zamani, kabla ya kanisa, mahali penye mti kama huu palikuwa pa wazee wa kale, pa mizimu. Pakiwa pa wazee hapalimwi. Jembe haligusi ardhi yake, hata kuni haziokotwi.

Nikaacha kula. Nikamuuliza, taratibu, watu walijuaje kwamba mahali ni pa wazee?

Akasema mtu alikuwa anaona joka. Joka kubwa, limejizungusha kwenye shina. Basi, hapo ndiyo mwisho, hakuna mtu anayeruhusiwa kukanyaga tena.

Hakuna mtu! Wala jembe! Ekari zote mbili!

Na sisi tunaokaa humu kwenye kibanda je? Hilo nitalifikiria baadaye. Kwanza kesho asubuhi nilione hilo joka.