Chungu cha Kuangalia Tu

Watalii walikuwa wakipungua juu ya majabali ya udongo wa rangi ya Aquinnah, nchi ya Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pwani ile, na Lemuel wa New Bedford, mtu aliyeishi kwa ulimi wake na viatu vyake vya ngozi, hakuwa bado amepata riziki ya kumvusha majira ya baridi. Ndipo alipokiona kibandani kwa Shangazi Odessa, mfinyanzi wa Kiwampanoag: chungu chenye mistari myekundu, ya manjano na ya kijivu, kana kwamba jabali lenyewe limemegwa kipande.

Papo hapo akawa mtaalamu wa makumbusho. Akaomba kukiazima kwa maonyesho, akatoa saa yake iwe rehani. Shangazi akaitazama saa ile, ambayo ilikuwa imesimama tangu mwaka jana, kisha akatazama chini.

"Acha viatu, mwanangu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lemuel akainama, akavivua.

"Na usikitie maji," Shangazi akamwambia. "Kimekaushwa juani. Tungekichoma, moto ungezila rangi. Hiki ni cha kuangalia tu."

Lemuel alisema ameelewa, na kweli alielewa. Ila ulimi wake haukuwa na desturi ya kumsubiri.

Akatoa kandambili za mpira mkobani, akaenda nazo hadi kwa Bwana Haskell, tajiri aliyekuja huko majira ya joto tu, na aliyependa vitu vya Wawampanoag kuliko alivyowapenda Wawampanoag. Akamwapia kwamba chungu kina miaka mia tatu, kimetoka kaburini, na tafadhali asimwambie mtu. Haskell, ambaye kaburi halikumsumbua hata kidogo, akachukua kalamu aandike hundi. Lemuel angenyamaza hapo, angekula majira yote ya baridi.

"Machifu walikinywea supu ya chaza," ulimi ukaongeza.

"Basi na mimi nitakinywea," akasema Haskell, na kabla Lemuel hajapata uongo wa kuuzuia uongo, upawa wa supu kutoka jikoni ulikuwa umekwisha kumiminwa ndani. Mistari ikaungana ikawa tope. Kitako kikaachia. Supu ya moto ikatua kwenye suruali nyeupe ya mwenye nyumba.

Kesho yake Lemuel alipanda majabali na tope la chungu ndani ya mfuko. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa mezani kati ya vyungu, vinang'aa, na mama mmoja mtalii alikuwa akivishikashika.

"Vilivaliwa na mtaalamu mkubwa wa makumbusho," Shangazi Odessa alikuwa akimweleza kwa upole. Akampokea Lemuel mfuko bila kugeuka. Udongo wa kwao hautupwi. "Lakini usivitie miguu, mama. Ni vya kuangalia tu."