Viatu vya Wiki Hii Vimekwenda kwa Wakimbizi

"Mji mkuu umetekwa!" Redio, mpasha habari wetu, alifika benchini akihema, simu juu.

"Wa nani tena?" Mama Chai aliuliza bila kuacha kumimina.

"Wa majirani! Wiki moja tu ya vifaru, kwisha!"

"Si walisema hawana upande kwenye vita hivi?"

"Walisema mpaka wakaandika!"

"Kuandika!" Bonge alicheka, benchi likalia. "Mimi getini nimeandika 'mbwa mkali'. Niambieni kuku wangu wako wapi!"

Fundi Viatu, mwenye kibanda nyuma yetu, alikohoa kwa maringo. "Nyie pigeni domo. Mimi asubuhi nimepeleka gunia zima kwa wakimbizi pale shuleni. Viatu vyote vya rafu ya kushoto, vile vilivyotelekezwa na wenyewe zaidi ya mwaka."

Tukampigia makofi. Fundi akainama kama bwana harusi.

Akatokea Mwalimu, suti imenyooka, miguuni kandambili. "Fundi, nipe viatu vyangu. Saa nane namwozesha binti yangu."

Fundi akaingia ndani. Akatoka kapauka.

"Jamani... juzi si paa lilivuja? Nikazihamisha rafu."

"Kwa hiyo?"

"Ya kushoto ikawa ya kulia."

"Mungu wangu!" Mama Chai akaweka birika chini. "Umegawa viatu vya wiki hii!"

Mbio mpaka shuleni, Bonge nyuma akiomba tumsubiri. Uwanja mzima ulimeta kiwi. Bibi mmoja alipanga foleni ya maji kavaa mabuti ya askari wa zamu. Kijana mmoja alivaa vya mchungaji. Vya Mwalimu vilikuwa kwa mzee mmoja, kakaa juu ya tofali, anavifuta vumbi kwa kiganja.

"Mzee," Fundi alianza, "samahani, hivyo..."

Mzee akaelewa. Akaanza kufungua kamba. Kando yake kulikuwa na matambara aliyojifunga miguuni siku nne za njiani, yameganda damu.

Mwalimu akayatazama. Akatazama saa.

"Funga kamba, mzee wangu," akasema. "Ila viatu hivyo nimeviahidi harusi, lazima viende. Twende navyo. Utakaa meza ya mbele, karibu yangu."

"Na wewe, Mwalimu, na kandambili?" Redio akauliza.

Mwalimu akamgeukia Fundi. "Namba ngapi wewe?"

"Arobaini na mbili."

"Vua!"

Kabla ya saa nane wakaondoka wameshikana mikono, wote wanang'aa. Sisi tukarudi kijiweni, Fundi akiruka changarawe kama anacheza ngoma. Benchini tukakuta watu wamejaa, wanamngoja: askari, mchungaji, wote wameshakuja kuchukua vyao.

Mama Chai akawahesabu kwa kidole, akashika kiuno.

"Kumi na saba! Sasa, Fundi, una miguu mingapi?"