Mbuzi ya Mu Mvua Ndani ya Kanisa

Leo haya imenikula muzima muzima. Nimerudi ku nyumba, nimefunga mulango, na ninawaandikia hii kabla wale wenye walikuwa kanisani hawajaanza kuwaelezea kwa namna yao.

Wenye hamunijue: mimi njo mupiga kinanda wa korali yetu hapa Bigo, mu Bunia. Mama yangu anauzisha samaki kavu ya ziwa, toka Kasenyi, na iko muimbaji mu korali ile ile. Ameanza kuimba mbele mimi nizaliwe. Anaimba kwa nguvu. ("Kwa nguvu" njo neno ya heshima nimepata.)

Sasa, juma hii korali ilipata mashine mupya. Ndugu mumoja wa parokia alituletea toka Kampala. Ni kisanduku cheusi, hakipite Biblia kubwa, lakini butoni zimejaa juu yake kama upele. Ndani muko sauti za kila aina: filimbi, ngoma, hata sauti moja yenye haina jina duniani. Upande wa kushoto iko butoni za kusukuma juu na chini: kila sauti na yake, kila mikro ya kuimbia na yake. Upande wa kuume, butoni za kuzungusha, za kugeuza sauti. Moja inafanya kanisa yetu ya mabati ikuwe kama pango kubwa. Ingine ni ya eko: inarudisha kila neno, neno, neno, mpaka linapotea mbali.

Jana niliiunga na kinanda yangu, nikaijaribu peke yangu. Nilipiga noti moja tu. Moja! Ikapanda, ikazunguka chini ya mabati, ikakawia kule juu kama haitaki kushuka. Nikavua kofia. (Hakukuwa mutu. Nilivua tu.)

Leo dimanche, misa ya kwanza, kanisa imejaa mpaka inje. Mama iko mbele na mikro yake. Mimi niko na kamikro kangu ka kusaidia sauti ya chini. Zote mbili zinaingia mu kile kisanduku. Nikavaa casque ya kusikilizia ku masikio, nikafinya butoni ya mikro yangu, taa nyekundu ikawaka. Nyekundu, nikasema, maana yake imefungwa. Nani hajue nyekundu?

Kumbe kwa ile mashine, nyekundu maana yake: sema tu, Bunia yote inakusikia.

Tukaanza "Bwana utuhurumie". Mama akaingia juu kabisa. Gédéon, maître mwenye kuongoza korali, akanitazama, akashusha mukono pole pole: punguza Mama. Nikainama kwa Papy, mupiga gitaa ya besi, mwenye alisimama karibu yangu.

"Maître anataka nipunguze Mama," nikamuambia. "Na ni kweli. Leo analia kama mbuzi yenye wamesahau mu mvua."

Papy hakucheka. Macho yake ikafunguka tu. Njo nikasikia mu casque:

"...mbuzi yenye wamesahau mu mvua... wamesahau mu mvua... mu mvua... mu mvua..."

Yesu na Maria! Korali ikanyamaza. Padri akageuka. Nikashusha mikro yangu mpaka chini kabisa. "Mu mvua... mu mvua..." Sasa njo nimefahamu: neno likishaingia mu eko, hata ufunge mikro, limeshatoka mu mikono yako. Nikazungusha butoni yenye nilifikiri ni ya kupunguza eko. Ilikuwa ya kuifanya isikome! Nikashika ingine. Sauti yangu ikashuka, ikanenepa, ikakuwa sauti ya jitu lenye kukaa chini ya ziwa: "MUUU MVUUUAAA..." Mabati ikatetemeka. Muzee mumoja wa benchi ya mbele akapiga magoti. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya ile haya yote nikasema ndani ya roho: loo, hii mashine!

Kisha Mama akageuka. Akaniangalia. (Wenye muko na mama, munajua namna gani.)

Nikangoja atoke kanisani. Hakutoka. Akashika mikro, akafunga macho, akavuta pumzi, akaingia juu ya ile sauti: "Bwaaanaaa..."

Na mashine ikamupokea. Sauti yake ikapanda, ikarudi. Yeye akaingoja irudi, akaimba tena juu yake. Mama mumoja akakuwa mama watatu, akakuwa kundi nzima la wamama. Ile "mvua" yangu ikabaki chini yao kama ngoma, ikafifia, ikapotea. Korali ikamufuata bila maître kuonyesha kitu. Maître mwenyewe mikono ilikuwa imemuanguka. Wale wa inje wakasogea ku madirisha. Maisha yangu yote nimesikia huyu mama akiimba, mu jikoni, mu soko, ku matanga. Sikujua kama hii yote ilikuwa ndani yake. Sikugusa tena butoni hata moja. (Misa ilipoisha, watu walinisifu eti nimechezesha mashine muzuri. Nilikuwa nimeganda.)

Wimbo ulipokwisha, padri akasema:

"Ndugu zangu, leo shetani na malaika wamepitia waya moja."

Kanisa ikapasuka kucheka. Na misa ilikuwa njo inaanza! Nilitoka jasho mpaka baraka ya mwisho.

Inje, Mama akaniita mbele ya wamama wote wa korali.

"Weye! Kuja hapa."

Nikaenda.

"Mbuzi ikilia mu mvua, kosa ni ya mbuzi?"

"Hapana, Mama. Ni ya mwenye alisahau kuiingiza mu nyumba."

"Na nani alisahau?"

"Mimi, Mama."

Wamama wakacheka mpaka mumoja akatafuta mahali ya kukaa. Nikafikiri imeisha. Lakini Mama akasogea karibu, akashusha sauti, tena huyu mutu hajue kushusha sauti:

"Dimanche ijayo, unitilie tena ile butoni."

"Gani, Mama?"

"Ile ya kufanya kanisa ikuwe kubwa."

Akafunga kitambaa chake vizuri ku kichwa, akaenda zake na wenzake, anatembea kama mutu mwenye amenunua Bunia.

Ninawaomba musicheke. Kama imewashinda, basi muangalie kwanza kama mikro yenu imefungwa.