Pembe Zilizotazama Juu

Enyi mliokaa na mliosimama, zimeni simu zenu msogee, maana nawaletea habari za vita visivyomwaga damu ila jasho, na hata jasho lenyewe lilikuwa la watu waliojitakia. Nawasimulia Kinyozi, mwana wa milima, mshika mkasi asiyetetemeka, na siku alipoufunga usukani wa baiskeli kinyume, dunia ikajisogeza kidogo kumpisha.

Fahamuni kwanza chanzo cha uhasama. Watu wa milimani husafiri na usukani mnyoofu, mpana, kwa kuwa miteremko yao ina mawe na mtu hupenda kuona anakoangukia. Watu wa bondeni, wapigwao na upepo mwaka mzima, husafiri na usukani uliojikunja kwenda chini mfano wa pembe za kondoo, wakainama hata pua ikanusa tairi. Kila upande huapa kuwa wake ndio usukani wa mababu. Sukani zote huuzwa duka moja, hutoka boksi moja, na mababu wa pande zote mbili walitembea kwa miguu.

Sasa Kinyozi alikuwa ameoa bondeni. Kaka wa mkewe, muuza saruji mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa jemadari wa msafara wa baiskeli wa kila Jumapili, na tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita Kinyozi shemeji. Alimwita Milimani, kana kwamba dada yake ameolewa na mlima. Tena alimpanga mkiani, kwa ajili ya ule usukani wake mnyoofu, na kumbebesha mfuko wa chakula cha wote. Jambo hilo lilimuuma Kinyozi kuliko alivyokubali kusema. Alilitaka lile neno moja, na nafasi katikati ya mstari.

Basi Jumamosi moja, saloni ilipofungwa, shujaa akanunua usukani wa pembe, akailaza baiskeli sebuleni juu ya zulia, akatangaza vita. Nati ya usukani wa zamani, yenye kutu ya misimu mingi, ilikataa suluhu. Kinyozi akavua shati. Akaitisha mafuta ya kupikia, kwa kuwa ya mashine hayakuwapo, akaimwagia, akanena:

"Ewe nati, nimewanyoa wakorofi kukushinda wewe, na wote walitulia kitini!"

Nati ikalia kwii, ikasalimu amri. Usukani mpya ukaingia, ukakazwa, na shujaa akasimama kifua wazi kuutazama ushindi wake. Mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Baba watoto, mbona pembe umezielekeza juu?"

"Mke wangu, umewahi kuona pembe zinaota kwenda chini?"

"Za kondoo."

"Mimi si kondoo," akanena Kinyozi. Kwa kweli alikuwa amekosea, na alilijua hilo papo hapo, ila nati alikwisha kuikaza kwa nguvu zake zote na mkono ulimuuma.

Kulipokucha, msafara ulipomwona, kicheko kikapanda hata mbwa wa jirani wakabweka.

"Jamani, njooni muone!" akahubiri Jemadari. "Tulimwambia alete usukani wa kibondeni, yeye katuletea ng'ombe! Haya Milimani, mfuko wako ule pale. Nyuma!"

Wakaondoka kuelekea bwawani, ambako walizoea kupumzika na kula. Upepo ukawajia usoni bila huruma. Mashujaa wa bondeni wakainama kama desturi yao ilivyo, kila mmoja akilitazama tairi la aliye mbele yake, na Jemadari, asiye na mtu mbele yake, akalitazama tairi lake mwenyewe. Kinyozi peke yake alikaa wima, mfuko mgongoni, akila vumbi na upepo, akiona kila kitu. Akaiona njia panda. Akakiona kibao cha bwawa, kikubwa, kikionyesha kushoto. Akauona msafara mzima ukikipita.

"Kaka!" akapaza sauti. "Tumepitiliza! Bwawa ni kushoto!"

"Milimani, utufundishe njia za kwetu?" ikarudi sauti kutoka chini ya usukani. "Funga mdomo ukanyage!"

Kinyozi akafunga mdomo. Akakata kushoto.

Walimkuta alasiri, chini ya kivuli, viatu amevua, mikate na mayai ya kuchemsha vimepangwa kwenye kitambaa safi. Walikuwa wamezunguka bonde zima. Jemadari akashuka, lakini shingo yake ilikuwa imegoma kuinuka, ikabidi alihutubie tairi.

"Milimani, fungua mfuko watu wale."

Kinyozi akamenya yai polepole. "Unamwita nani?"

Tumbo la Jemadari likanguruma, wote wakasikia. "Shemeji," akasema.

"Sikusikia. Upepo."

"Shemeji! Shemeji yangu, mume wa dada yangu, nipe yai!"

Hapo Kinyozi akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akalisingizia vumbi. Akamkabidhi Jemadari yai lililokwisha kumenywa, na chumvi.

Jumapili iliyofuata baiskeli zote za bondeni zilikuwa na pembe juu. Jemadari, shingo yake ikiwa na kitambaa, alikuwa akimfunza mwanachama mgeni.

"Sisi watu wa bondeni hatujawahi kuinama. Pembe juu, tangu enzi za mababu. Hawa wa milimani wanatuiga tu, muulize shemeji yangu."

Kinyozi akafungua kinywa ili aitetee historia. Kisha akatazama mbele akaona watu, akatazama nyuma akaona watu, na mwisho kabisa yule mgeni, mwenye usukani mnyoofu, akibebeshwa mfuko.

"Ni kweli," akasema Kinyozi, akakanyaga pedali.